Kwanini wanafunzi wa Kolkata hawali kunazi mpaka Saraswati Puja ipite? Nimekula nimeonekana kama nimeua mtu

Mtoro wa Hosteli
Wakuu heshima kwenu. Niko Kolkata, India, mwaka wa pili sasa nasoma, na kuna jambo limenikuta jana mpaka sasa sijalielewa. Nimetoka darasani nikapita sokoni, nikamkuta mama kaketi chini na sinia la kunazi, kunazi hizi hizi za kwetu, za kijani zinazoanza kupiga wekundu, wao wanaita kul. Nikafurahi maana toka nitoke nyumbani sijazitia machoni, nikanunua za rupia ishirini akanifungia kwenye gazeti na chumvi ya pilipili juu. Nafika hosteli nakaa kitandani natafuna zangu, anaingia dogo ninayekaa naye chumba kimoja, mtoto wa hapa hapa Bengal, kuona nina kokwa mdomoni akapiga ukelele "Dada! Tema! Tema!" (huku dada ni kaka mkubwa, msicheke, nina ndevu na naitwa dada mchana kutwa). Mi nikajua kuna mdudu nikatema mpaka mate. Kumbe kisa ni kwamba Saraswati Puja (puja ni ibada) bado haijafika, mwaka huu 2026 inaangukia tarehe 23 Januari, na mwanafunzi akila kunazi kabla ya siku hiyo basi mungu wao wa kike wa elimu, ndo huyo Saraswati, ananuna na mtihani unakula kwako. Hapa namzungumzia mtu anayesoma uhandisi wa kompyuta, anaandika programu mpaka alfajiri, lakini kunazi haigusi. Nikauliza kwanini kunazi na sio pera, kila mtu pale chumbani akatoa jibu lake. Wajuzi nisaidieni, mitihani yangu ni mwezi ujao.

Ngoja Waje
Naweka kambi hapa. Mleta uzi kashafeli huyo.

Mla Kunazi wa Tabora
Mkuu kama kunazi ya mapema inafelisha basi Tabora tusingekuwa na mwalimu hata mmoja, sisi tumeanza kuzipiga mawe zikiwa bado ngumu kama risasi. Ila hilo katazo mi naliona lina akili ndani yake. Kunazi changa ina ukakasi, ukila nyingi meno yanakufa ganzi, koo linawasha, unakohoa wiki nzima, sasa huko kwao Januari ni baridi na watoto ndo wanapata mafua, mzazi angefanyaje? Ukimwambia mtoto utakohoa hakusikii. Ukimwambia utafeli anasikia. Ni ujanja wa wazee tu, dini imekuja kufunika.

Karani wa Kisutu
Mleta uzi umedanganywa tarehe. Nimekaa kaunta kwa Mhindi hapa Dar miaka kumi na moja, duka la vipuri, sikukuu ya vitabu ni Diwali sio Januari. Siku ile bosi haji na suruali, anakuja na nguo nyeupe safi, daftari jipya la hesabu lenye jalada la kitambaa chekundu linawekwa mezani, anafungua ukurasa wa kwanza anaandika Shri moja juu, chini yake mbili, chini yake tatu, anashuka hivyo hivyo mpaka linatokea umbo kama piramidi. Anaweka jani la tambuu, sarafu, na kumkum, ule unga mwekundu wa ibada. Wanaita chopda pujan na huyo wanayemuomba ni Sharda, ambaye ndiye huyo huyo Saraswati, pamoja na Lakshmi wa mali. Siku hizi hesabu zote ziko kwenye kompyuta lakini daftari lazima linunuliwe, na laptopu nayo inapakwa kumkum. Kunazi sijawahi kuiona pale, tulikuwa tunapewa pipi na bahasha.

Shangazi wa Muscat
@Karani wa Kisutu hujakosea ila na yeye hajakosea. Mimi ni nesi huku Oman, wenzangu wa wodini wengi Wamalayali kutoka Kerala, na wao sikukuu yao ya kuanza kusoma sio Diwali wala Januari, ni Vijayadashami, siku inayofunga Navratri, sikukuu yao ya siku tisa, mwezi wa tisa au wa kumi. Jirani yangu alinialika mwaka mmoja mtoto wake ana miaka mitatu. Sinia limejazwa mchele, babu kampakata mjukuu, kamshika kidole cha shahada wanaandika pamoja kwenye mchele "Hari Sri Ganapataye Namah", mtoto analia kama anapelekwa kutahiriwa. Kabla ya hapo walichukua pete ya dhahabu wakamwandikia herufi kwenye ulimi. Hapo alinyamaza, nadhani alishangaa. Na cha ajabu kule Kerala Wakristo nao wanafanya, makanisa yanaandaa, hata magazeti makubwa yanafungua ofisi zao wazazi wapeleke watoto. Kwa hiyo mungu mmoja, tarehe tatu.

Ngoja Waje
Tarehe tatu na bado watoto wao wanatupita hesabu. Endeleeni.

Mwanahistoria wa Mtaa wa Pili
Tupangane jamani. Anayoisema mleta uzi inaitwa Vasant Panchami, ni siku ya tano tangu mwezi uandame katika mwezi wao wa Magha, ndo maana kwa kalenda yetu inahama hama kati ya Januari na Februari. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 14 Februari, Valentine yenyewe, mkasikie kelele za vijana wa Kolkata. Mashariki ya India, yaani Bengal, Odisha, Bihar, pamoja na Nepal na Wahindu wa Bangladesh, hiyo ndo siku kuu ya Saraswati. Kusini wanampa heshima zake kwenye Navratri, na hao wa Dar wengi asili yao Gujarat, watu wa biashara, wamemuweka kwenye Diwali pamoja na daftari. Kila mtu kamkaribisha kwa mlango wake.

Na msidhani ni sikukuu ya watoto tu. Chuo kikuu cha Wahindu cha Banaras jiwe la msingi liliwekwa tarehe 4 Februari 1916, na chuo kinaadhimisha kuanzishwa kwake kila mwaka siku hiyo hiyo ya Vasant Panchami. Mwaka 1928 pale Calcutta wanafunzi wa hosteli moja ya City College walitaka kufanya puja hosteli, chuo kilikuwa cha Wabrahmo ambao hawakubali sanamu, uongozi ukakataa, ugomvi ukawa wa mji mzima. Subhas Chandra Bose, mwanasiasa wa kupigania uhuru, akasimama na wanafunzi, Tagore yule mshairi akasimama na chuo. Juzi juzi tu, 2020, Bangladesh walipanga uchaguzi wa jiji la Dhaka tarehe 30 Januari, ikagongana na puja, wanafunzi wakaandamana na kugoma kula mpaka tume ikasogeza kwenda tarehe 1 Februari, na mtihani wa taifa wa sekondari nao ukasogezwa. Fikiria uchaguzi unahamishwa kwa sababu ya mungu wa vitabu.

Mla Kunazi wa Tabora
Hujajibu kuhusu kunazi mkuu.

Mwanahistoria wa Mtaa wa Pili
Kunazi nimewaachia watu wa Tabora.

Mtoro wa Hosteli
Asanteni. Sasa dogo wangu wa chumbani hakubali hiyo ya kikohozi. Yeye kasimuliwa na bibi yake hivi: kuna mtakatifu wa zamani anaitwa Vyasa, huyu wanayesema ndiye alitunga Mahabharata, alikaa mlimani Badrikashram kumuomba Saraswati ampe elimu. Saraswati akaweka kokwa ya kunazi karibu na alipokaa, akamwambia hii ikiota, ikawa mti, ikazaa, tunda likaiva likakuangukia kichwani, siku hiyo ujue nimekubali. Mzee akakaa miaka na miaka. Tunda likamdondokea siku ya Panchami, mzee akampa Saraswati kwanza ndo akaanza kuandika. Na jina lenyewe la mlima, badari ni kunazi kwa Kisanskriti. Kwa hiyo dogo anasema ukila kabla ni kama umemuwahi mzee Vyasa aliyesubiri miaka yote ile. Nimemuuliza mbona wasio wanafunzi wanakula, kaka yake muuza simu anazibugia toka Desemba, akajibu "yeye ana mtihani gani?"

Bibi Limbuko
Wajukuu mnazunguka mbuyu. Hilo ni limbuko tu. Kwetu Usambaa zamani hakuna aliyetia mahindi mabichi mdomoni kabla wazee hawajalimbua. Zao la kwanza lina mwenyewe. Kunazi ndo tunda linaloiva majira hayo huko kwao, wanamlimbulia mungu wao halafu wanakula, ingekuwa maembe yanaiva Januari wangekatazwa maembe.

Mla Kunazi wa Tabora
Bibi shikamoo. Hapo nimenyoosha mikono. Lakini kama ni limbuko mbona linawafunga wanafunzi peke yao, muuza simu kasamehewa?

Bibi Limbuko
Marahaba. Kwa sababu mgeni anayekuja ni wao. Mungu wa elimu anamuhusu nini muuza simu.

Ustadh Mkavu
Assalaam aleykum. Mimi sipingi watu na mila zao ila vijana wetu mnaosoma huko muangalie mnapokaa kwenye mambo ya sanamu, kula chakula cha jirani ni kitu kingine na kuomba ni kitu kingine. Kuhusu mkunazi, huu ni mti mkubwa hata kwetu, umetajwa kwenye Qur'ani, na majani yake ndiyo tunayachanganya kwenye maji ya kuoshea maiti. Nashangaa tu sisi tunaukumbuka mtu akishakufa na wao wanaukumbuka mtoto anapoanza shule.

Mwanahistoria wa Mtaa wa Pili
Waaleykum salaam ustadh. Nyongeza ndogo, Delhi kwenye kaburi la Sheikh Nizamuddin, aliyefariki 1325, kila mwaka majira ya Basant (ndo Vasant hiyo hiyo) waimbaji wa qawwali, nyimbo za kisufi, wanaingia na maua ya haradali ya njano. Wanasimulia sheikh alifiwa na mpwa wake akawa hacheki kabisa, mwanafunzi wake Amir Khusrau akawaona wanawake wa Kihindu wamevaa njano wamebeba maua ya haradali wanakwenda hekaluni, na yeye akavaa njano akaenda mbele ya sheikh anaimba, sheikh akatabasamu. Basi Waislamu wa pale wanaendelea nayo mpaka leo, Saraswati hayumo ila njano imo.

Ustadh Mkavu
Hiyo nilikuwa siijui. Masufi wana mambo yao.

Msafiri 254
Niaje wadau, mi ni wa Nairobi lakini niko Dubai, na hii stori imenikumbusha Bali, kule Indonesia. Nilienda likizo, nikaamka Jumamosi moja napata hoteli iko kimya, jamaa wa mapokezi amevaa nyeupe, vitabu vyote vya ofisi vimerundikwa vikawekewa maua na uvumba, nikamwambia nataka risiti akaniambia ningoje mchana, asubuhi hawasomi wala hawaandiki. Ni Saraswati huyo huyo! Ila Bali haifuati mwaka wa kawaida, inakuja kila baada ya siku 210 kwa kalenda yao, kwa hivyo mwaka mwingine unaipata mara mbili. Kesho yake, Jumapili, watu wote baharini kuoga. Na sasa sikilizeni, kwenye sadaka zao wanaweka vikeki vya unga wa mchele vimetengenezwa mfano wa mjusi. Mjusi wa ukutani! Wanasema ndiye alama ya Saraswati.

Karani wa Kisutu
Mjusi kafiri???

Msafiri 254
Huyo huyo. Nikauliza kwa nini, mmoja akasema mjusi ana hekima, mwingine akasema akilia tse tse wakati unaongea ujue umesema kweli, dereva akasema yeye hajui lakini keki ni tamu.

Shangazi wa Muscat
Dereva ndo mtu wa kumsikiliza. Afu bibi yangu Unguja alikuwa akiona mjusi kafiri anavua kandambili.

Karani wa Kisutu
Swali la kizushi, huyu mama ni mke wa nani? Bosi aliniambia mke wa Brahma.

Mtoro wa Hosteli
Huku Bengal ukiuliza utaambiwa ni binti wa Durga. Kwenye Durga Puja anakuja na mama yake, pamoja na dada yake Lakshmi na kaka zake Ganesh na Kartik, kwenye jukwaa moja, kama picha ya familia. Nikamwambia dogo vitabu vingine vinasema mke wa Brahma akasema zote kweli.

Mwanahistoria wa Mtaa wa Pili
Na ukienda nyuma zaidi kwenye Rigveda, kitabu chao cha kale, alikuwa mto. Mto ukageuka mungu, mungu akageuka mwenye maneno na muziki, ndo hiyo vina, ala ya nyuzi, aliyoshika mkononi, na yule bata bukini mweupe pembeni. Ukivuka mpaka Japani yuko anaitwa Benzaiten, kashika gambusi lao, na mahekalu yake mengi yako kandokando ya maji.

Ngoja Waje
Mto unafelisha watu mtihani kwa kunazi. Nimekaa vibaya kwenye kiti.

Mtoro wa Hosteli
MREJESHO WAKUU.

Jana ndo ilikuwa yenyewe. Naanzia nyuma kidogo. Wiki nzima wamepitisha mchango hosteli, wanaita chanda, na msidhani michango ni ya harusi zetu tu, kuna watoto wa mtaani walifunga kamba katikati ya njia kila baiskeli inayopita itoe chochote. Juzi jioni tumeenda Kumartuli kununua sanamu, ni mtaa mzima wa mafundi wa udongo, unapita kwenye vichochoro huku na huku wamejipanga Saraswati mamia, wengine bado nyasi na mianzi tu, wengine hawana vichwa, fundi anachora jicho kwa brashi nyembamba na wala hatetemeki. Dogo akabishana bei nusu saa kama ananunua mtumba. Tukampakia kwenye riksho uso umefungwa gazeti, mi nimemshika kiuno asidondoke.

Asubuhi saa kumi na mbili naamshwa kuoga, kuoga kwenyewe maji ya baridi, wamejipaka manjano. Wasichana wote wamevaa sari za njano, wengine ndo mara ya kwanza wanavaa sari wanatembea kama wamefungwa miguu, wavulana panjabi, shati refu kama kanzu fupi. Dogo mwenyewe alitoka kuzunguka shule za wasichana eti "kuangalia mapambo". Ndo siku pekee milango ya shule za wasichana iko wazi, nikaelewa kwanini wanaiita Valentine ya Kibengali.

Chini ya miguu ya sanamu wamerundika vitabu, sio vizuri, vile vigumu. Hesabu, fizikia ya nusu kondakta, mmoja kaweka kikokotoo, mwingine gitaa. Mi nikaweka laptopu yangu kwa ajili ya mazoea tu, ustadh unisamehe. Pembeni kuna vikopo vidogo vya udongo ndo vidau vya wino, badala ya wino wametia maziwa, na kalamu za mwanzi. Wanaziita kolom, kalamu hiyo hiyo yetu. Tatizo likawa purohit, yaani kuhani. Siku hiyo anatakiwa kila nyumba, kila shule, kila kichochoro, wetu alitakiwa saa mbili kaja saa tano kasoro kwenye pikipiki ya jamaa wa hosteli ya pili ambao walikuwa wanamsubiri mlangoni wamchukue tena, tukasoma maneno mbio mbio, tunarusha petali za maua mara tatu, na watu hawajala toka jana.

Kisha kunazi. Zilikuwa kwenye sahani mbele ya sanamu, na tulipomaliza kila mtu akapewa. Dogo alifumba macho akala ya kwanza kama mtu aliyefungua saumu. Mchana wakatoa khichuri, wali na dengu pamoja, bilinganya za kukaanga, na achari tamu ya kunazi. Jamaa mmoja asili yao upande wa Bangladesh akatuambia kwao siku hiyo wananunua samaki wa ilish wawili wawili, wenzake wakamtazama kama kakufuru maana kwao siku hiyo ni majani tu.

Sasa ugomvi. Siku hiyo mwanafunzi hasomi wala haandiki mpaka kesho yake asubuhi, waandike jina la Saraswati kwa mwanzi kwenye majani ya mti wa bel ndo vitabu vinarudishwa. Jioni dogo yuko kwenye simu. Nikamwambia mbona unasoma? Akasema WhatsApp sio kusoma. Mwingine akasema ni kusoma ila sio elimu. Wa tatu akasema sauti inaruhusiwa, meseji hairuhusiwi. Wakabishana mpaka saa nne usiku, na laptopu yangu iko chini ya miguu ya mungu na ripoti ya maabara inatakiwa saa sita usiku.

Mla Kunazi wa Tabora
Uliichukua?

Mtoro wa Hosteli
Nilituma kwa simu. Dogo alinigeuzia mgongo.

Shangazi wa Muscat
Hahaha. Hapo kwenye kutosoma, mwenzangu wa Kerala anasema kwao ni vitabu vimepumzishwa kwa sababu mwenyewe yumo ndani yake, huwezi kumkanyaga kwa macho. Mumewe anasema ni likizo ya watoto tu iliyovishwa nguo ya dini.

Karani wa Kisutu
Na mafundi wa kusini mwa India je? Bosi ana shemeji Chennai, siku ya Ayudha Puja mashine haiwashwi, inapakwa msandali na kuvishwa maua, basi la abiria linavalishwa migomba, linakanyaga ndimu ndo linaondoka. Ni jambo lile lile, kifaa kinachokulisha kipumzike siku moja.

Ngoja Waje
Mleta uzi tupe moja, ya kwenye sinia la yule mama na ya jana ipi tamu?

Mtoro wa Hosteli
Ya jana kwa kweli. Imeiva, nyama imelainika. Ila ya kwanza niliila kwa hamu zaidi.

Mla Kunazi wa Tabora
Kikohozi je?

Mtoro wa Hosteli
Nakohoa toka jana. Sijui ni kunazi, sijui ni yale maji ya baridi.

Bibi Limbuko
Kunywa tangawizi mjukuu.

Mkulima Hombolo
Samahani nimechelewa nimesoma uzi wote, hizo kunazi kubwa nimeona picha zake zinalingana na yai, wanaziita narkel kul na apple kul, ni za kupandikiza au za mbegu? Dodoma mkunazi wa porini unaota wenyewe bila mtu kumwagia maji, mtu akipandikiza vikonyo vya hizo kubwa nadhani biashara ipo. Mleta uzi ukimaliza mitihani nicheki inboksi.